Kilomita Zilizozidi

Ndegwa alipofariki, mkewe Wachuka alibaki na shamba la viazi huko Dundori, ng'ombe wawili wa maziwa, binti yake Lynn aliyekuwa chuoni Njoro, na gari jeupe la mizigo ambalo zamani lilibeba abiria kabla ya viti kung'olewa. Gari ndilo lililoilisha nyumba. Lilibeba viazi, kabeji na karoti hadi Karagita, kule Naivasha, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua hununua mboga jioni wakitoka kazini. Lakini Wachuka hakujua kuendesha, na kila aliyeketi kwenye usukani wa gari lile alikuwa, machoni pake, mtu wa kuchungwa.

Hakuanza hivyo. Dereva wa kwanza aliyemwajiri baada ya mazishi alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya kwaya, na Wachuka alimwamini mpaka wateja walipoanza kulalamika kwamba magunia yanafika yakiwa yamelegea. Ikajulikana kwamba alikuwa na kituo chake njiani, huko chini karibu na Lanet, ambapo alifungua kila gunia, akatoa viazi vya kujaza sufuria, kisha akalishona tena kwa kamba ile ile. Wachuka alimfukuza bila kelele. Lakini kuna kitu hakikufukuzika. Tangu hapo akitazama gunia alitazama mshono kwanza, na mtu akimwongelesha kwa upole alijiuliza upole huo unafunika nini.

Aliyeshika usukani baada ya huyo alikuwa Waithaka, mdogo wake marehemu Ndegwa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, hajaoa, maneno yake machache, mwendo wake barabarani wa taratibu. Alimwita Wachuka "Mama Lynn" kwa heshima, kama alivyomwita wakati kaka yake akiwa hai, na hakuwahi kuingia jikoni kwake bila kubisha. Watu walimwambia Wachuka kwamba ana bahati, damu ya nyumbani haiwezi kumwibia. Aliitikia kwa kichwa. Moyoni aliona damu ya nyumbani ndiyo ngumu zaidi kuifukuza ikikuibia.

Msimu wa mvua ndefu ulipokaribia, tairi mbili za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa, nyuzi zinachungulia. Waithaka alisema, "Mama Lynn, kesho nikipitia Nakuru nichukue taya mpya za nyuma. Kuna duka najua."

Duka analijua. Wachuka alilala na maneno hayo. Duka ambalo dereva analijua ni duka ambalo nalo linamjua dereva, na baina yao kuna kitu kidogo cha kuachiana chini ya kaunta ambacho mwenye gari hakioni. Asubuhi alisema ataenda mwenyewe.

Kabla ya kuondoka alichuchumaa nyuma ya gari akasoma ubavu wa tairi. Kulikuwa na maandishi mengi, mengine yamefutika kwa matope na miaka. Alichokiona vizuri ni namba mbili, mia moja tisini na tano mwanzoni na kumi na tano mwishoni. Katikati palikuwa na herufi tu, na herufi hakuzijali. Akazirudia zile namba mbili njia nzima mpaka mjini, akapita maduka makubwa ambayo aliyaona kama ya watu wa kupandishiwa bei, akasimama kwa muuzaji wa tairi za mitumba kando ya barabara.

"Mia moja tisini na tano, kumi na tano," alisema.

"Ziko, mathe. Hizi hapa. Hata hazijatembea sana."

Aliangalia namba. Mia moja tisini na tano ilikuwapo. Kumi na tano ilikuwapo. Alipapasa meno ya tairi kwa kidole gumba, yalikuwa marefu, akaridhika. Aliona fahari kidogo kwamba hakuna mtu aliyekula jasho lake siku hiyo.

Waithaka alipozipokea ili azifunge, alizizungusha mara mbili mikononi.

"Mama Lynn, hizi taya naziona fupi."

"Fupi aje?"

"Si unaona? Na hapa kwa ubavu ni laini. Ni kama za gari ndogo, ya watu."

"Namba ni ile ile. Nimeangalia mwenyewe."

"Namba yote?"

"Waithaka, nimesema nimeangalia."

Kijana alimtazama kidogo, kisha akainama akaendelea na kazi. Wachuka alimtazama mgongo akifikiri, huyu ameudhika kwa sababu safari hii hakupata chake.

Wiki hiyo hiyo ndipo kilomita zilipoanza kuzidi.

Tangu yule dereva wa kwanza, Wachuka alikuwa na desturi ya kuchungulia dashibodi kila jioni gari likirudi. Safari ya Karagita aliijua kama njia ya kisimani. Kwenda na kurudi ilikuwa kilomita mia moja hamsini na ushee, mvua au jua. Sasa mita ikaonyesha karibu mia moja na sabini. Alidhani amesoma vibaya. Safari iliyofuata ilikuwa vilevile, na iliyofuata pia. Kila mara zilizidi kilomita kumi na nne hivi, na ukizigawa mara mbili ni saba za kwenda na saba za kurudi. Mahali fulani, kilomita saba kutoka kwenye njia, gari lake lilikuwa likienda bila yeye kujua.

Akaanza kuipima nchi kichwani. Kilomita saba kutoka Gilgil unafika wapi? Kutoka Mbaruk je? Na ukipita Karagita ukaendelea kando ya ziwa, si unaingia katikati ya mashamba ya maua, penye malango makubwa na nyumba za chumba kimoja kimoja ambamo mtu anaweza kuficha mwanamke, au mzigo wa watu wengine, au vyote viwili?

Kisha Waithaka akaanza kuchelewa. Haikuwa sana, lakini safari iliyokuwa ikimrudisha kabla ya kukamua ng'ombe sasa ilimrudisha ndoo zikiwa zimeshajaa. Wachuka alipomuuliza, alisema, "Sijui. Naenda themanini tu kama kawaida, na bado magari yote yananipita."

Lililomsumbua zaidi Wachuka ni mafuta. Yalikuwa hayajaongezeka. Mtu mwingine angetulia kwa hilo. Yeye aliona ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Gari linatembea kilomita nyingi zaidi na kunywa mafuta yale yale? Basi kuna mtu mwingine anayelijaza. Mtu huyo halijazi bure. Waithaka alikuwa ameajiriwa mara mbili kwa gari moja.

Akaanza kupiga picha dashibodi kwa simu. Asubuhi kabla gari halijatoka, jioni likirudi. Mwanzoni alijificha, akijifanya anaokota majani ya kabeji yaliyodondoka kwenye viti. Baadaye hakujali tena. Jioni moja Waithaka alisimama mlangoni mwa gari akiwa bado na ufunguo mkononi, akamtazama mpaka akamaliza.

"Ulipitia wapi leo?" Wachuka aliuliza bila kuinua macho.

"Sikupitia mahali."

"Popote?"

"Mama Lynn, mimi natoka hapa, naenda Karagita, narudi. Kama kuna kitu unataka kuniuliza, niulize."

"Si nimekuuliza."

"Basi nimekujibu."

Aliweka ufunguo juu ya boneti badala ya kumpa mkononi, akaondoka kuelekea chumba chake. Tangu siku hiyo alikuwa akipokea simu nje, nyuma ya zizi, kwa sauti ya chini. Wachuka akisogea na ndoo, mazungumzo yaliisha.

Alimpigia simu Becky. Becky alikuwa mteja wake mkubwa Karagita, mwanamke mwenye kibanda cha mboga karibu na steji, mcheshi, mwenye macho yanayoona kila anayepita.

"Becky, nikuulize kitu na kibaki kati yetu. Waithaka akishusha mzigo, huwa anaenda wapi?"

"Haendi mahali. Anakunywa chai hapa, anapakia chakula ya ng'ombe, anarudi." Kisha akaongeza, "Isipokuwa ile Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Ya juzi juzi. Aliacha gari hapa kwangu, akaniambia niichunge, akapanda boda kuelekea huko mbele, kwa mashamba ya maua. Alikuwa amevaa shati safi. Akakaa kama saa moja. Kwani hakukuambia?"

Wachuka alikata simu akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha moto. Shati safi. Hakuuliza ni vipi mtu aliyepanda boda anaongeza kilomita za gari lililoegeshwa. Swali hilo lilikuwa wazi kabisa mbele yake na hakuliona, maana alikuwa tayari na jibu.

Alifikiria kuita ukoo. Angewaita wazee wa upande wa mumewe, aonyeshe picha kwenye simu, Waithaka aulizwe mbele ya watu. Aliwaona usoni tayari. Mama mkwe angelia. Wengine wangesema amemchoka mtoto wa watu kwa sababu mwenye nyumba hayupo. Ukoo ungegawanyika kwa ajili ya kilomita, na hangeweza kuuunganisha tena. Akaamua kwanza ashuhudie kwa macho yake.

Asubuhi ya safari, magunia yakiwa yamepakiwa, alitoka amevaa koti zito na leso kichwani, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Unaenda?" Waithaka aliuliza.

"Naenda."

"Sawa."

Hakuuliza zaidi, na Wachuka akaona ukimya huo ni wa mtu anayepanga upya siku yake.

Walishuka Dundori ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba. Mzigo ulikuwa mzito, na sehemu ya nyuma ya gari ilinesa kwenye kila kona, kama mtu anayetembea na viatu vilivyolegea. Walipofika barabara kuu, Waithaka aliweka mshale kwenye themanini akauacha hapo. Malori yaliwapita. Hata lori moja lililojaa mchanga liliwapita, dereva wake akiwatazama kwa mshangao.

"Huwezi kuongeza?" Wachuka aliuliza.

"Na huu mzigo? Themanini inatosha."

Alikodolea macho kila barabara iliyochepuka. Mbaruk, hakuchepuka. Kikopey, moshi wa vibanda vya nyama choma ulikuwa haujaanza, hakuchepuka. Gilgil, alisimama polisi walipomwonyesha mkono, akaonyesha leseni, akaendelea. Naivasha, akaingia barabara ya ziwani moja kwa moja mpaka kibandani kwa Becky. Wachuka aliinama kabla hata injini haijazimwa, akasoma mita, akafungua simu akalinganisha na picha ya asubuhi.

Zilikuwa zimezidi. Kilomita saba, kama siku zote.

Alisoma tena. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye gari. Hakulala, hakupepesa. Gari halikuacha lami hata kidogo. Zile kilomita saba, ambazo juu yake alikuwa amemjengea Waithaka mwanamke, tajiri wa pembeni na mzigo wa magendo, zilikuwa zimetokea mbele ya pua yake na hakuna mahali zilipokwenda.

Mtu angedhani shaka ingemtoka hapo. Ilihamia kwingine tu. Ameichezea mita, aliwaza. Ameichezea zamani, ili siku nikipanda nione ni kawaida.

"Waithaka, hii mita iko sawa?"

"Iko sawa tangu wakati wa kaka. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Becky aliwaletea chai, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Walirudi mchana na magunia ya chakula cha ng'ombe ambayo wakulima wa Dundori walikuwa wameagiza. Jua lilikuwa kali na lami inawaka. Walikuwa wamepita Gilgil, hawajafika Kikopey, Wachuka aliposikia mlipuko chini ya magunia. Gari lilivutwa kushoto, likakataa, likavutwa tena. Alishika dashibodi kwa mikono miwili akaona lori la mafuta likija upande wa pili. Waithaka hakukanyaga breki. Alikaza usukani, mishipa ya shingo imesimama, akaliacha gari lipoteze nguvu lenyewe, likayumba, likapunguza, likaingia kwenye changarawe likasimama. Lori lilipita likipiga honi ndefu.



"Umeumia?" Waithaka aliuliza.

"Hapana."

Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imepasuka ubavuni, mpasuko mrefu kama mdomo. Waithaka aliweka matawi barabarani nyuma ya gari kuwaonya madereva, wakashusha magunia pamoja, akatoa jeki, akalala chali chini ya gari kufungua spea. Tairi hiyo ilikuwa ya siku nyingi, haijawahi kuguswa tangu Ndegwa ainunue. Aliisukuma nje, na Wachuka akaidaka isibingirike barabarani. Akaizungushia upande wa kulia wa gari apate pa kuiegemeza, akaiegemeza kwenye tairi ya nyuma iliyobaki nzima.

Spea ilikuwa ndefu.

Haikuwa ndefu ya kubahatisha. Kichwa cha spea kilipanda juu ya kichwa cha ile nyingine kwa vidole vitatu vizima. Wachuka alipiga magoti kwenye changarawe, akafuta vumbi kwa leso aliyoivua kichwani, akasoma ubavu wa spea. Mia moja tisini na tano, herufi R, kumi na tano, herufi C. Akasoma ile tairi aliyoinunua yeye. Mia moja tisini na tano, alama ya mkwaju, sitini na tano, herufi R, kumi na tano.

"Waithaka. Njoo uone."

Alikuja akijipangusa mafuta. Akachungulia.

"Hii sitini na tano ni ya nini?" Wachuka aliuliza.

"Hiyo ndiyo urefu wa ubavu. Ya kwanza ni upana, ya mwisho ni rimu. Ya katikati inakuambia ubavu umepanda aje. Ikiwa ndogo, taya inakuwa fupi."

"Na hii ya spea haina."

"Zile za mzigo za kawaida mara nyingi haziandikwi. Hapo unajua ni ubavu mzima. Na hiyo C ni ya magari ya mzigo." Aliinuka. "Nilikuambia ni fupi."

Wachuka alibaki amepiga magoti. Alikuwa akimkumbuka Lynn akiwa mdogo, wakienda kanisani wameshikana mikono; mama akitupa mguu mmoja, mtoto alitupa miguu miwili, na barabara ilikuwa moja. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi. Mita haioni barabara, inahesabu mizunguko tu, na kila mzunguko inauhesabu kana kwamba ni wa gurudumu kubwa. Ndiyo sababu ya kilomita kuzidi. Na ule mshale uliosema themanini ulikuwa ukisema uongo, gari lilikuwa linakwenda polepole kuliko hapo. Ndiyo sababu ya kuchelewa, na ya malori kuwapita. Na mafuta hayakuongezeka kwa sababu hakukuwa na mahali popote gari lilipokuwa limekwenda.

Alilieleza jambo hilo kwa sauti, kipande kipande, akiwa hamtazami.

Waithaka alisikiliza mpaka mwisho. "Mambo ya mita sikuwa najua," alisema. "Nilijua tu taya ni mbaya." Kisha akauliza, "Ndiyo maana ulikuwa unapiga picha?"

"Ndiyo."

"Ulifikiri naenda wapi?"

Wachuka angeweza kusema hakufikiri kitu. "Becky aliniambia ulipanda boda. Na shati safi. Na zile simu za nyuma ya zizi."

Kijana alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilienda kuomba kazi. Kuna shamba la maua linatafuta dereva wa basi la wafanyakazi. Hao ndio wanaopiga simu." Aliokota spana. "Mtu akipigwa picha kila jioni kama mwizi, Mama Lynn, anatafuta pa kwenda. Ningekuambia nikishapata."

Alifunga spea, wakapakia magunia. Gari lilisimama limeinama upande mmoja, tairi ndefu kushoto na fupi kulia, na Waithaka aliliendesha polepole sana mpaka nyumbani. Kati ya Kikopey na Dundori walizungumza mara moja tu, kuhusu mvua.

Siku iliyofuata walienda Nakuru wote wawili, kwenye duka la Hanif, mwanamume wa makamo aliyelirithi kutoka kwa baba yake. Ndilo lile duka ambalo Waithaka alilijua. Wachuka aliingia akiangalia kama watu hawa wawili wanakonyezana. Hawakukonyezana. Hanif alifungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibandiko kwenye fremu, kidogo, kimechakaa, ambacho alikuwa amekipita miaka yote.

"Mama, usihangaike na taya iliyofungwa," Hanif alisema. "Pengine aliyeifunga alikosea pia. Soma hapa. Gari yenyewe imeandikwa size yake, na upepo wake."

Wachuka alisoma. Ilikuwa ile ya spea, herufi na yote.

"Sasa nina kitu kizuri zaidi," Hanif aliendelea, akivuta tairi nyeusi inayong'aa. "Hii ni pana. Gari inakaa chini imara, inapendeza. Wengi wananunua hii."

"Imeandikwa kwa kibandiko?"

"Haijaandikwa, lakini inaingia."

"Hata ile iliyopasuka iliingia."

Hanif aliirudisha tairi mahali pake bila ubishi. Alipoleta zile zenyewe, Wachuka hakukubali kuambiwa. Alidai ziviringishwe sakafuni zisimamishwe pamoja, bega kwa bega, akainama akatazama vichwa vyake kama mtu anayepima rafu. Alisoma namba yote, akimuuliza Hanif maana ya kila moja, hata ile ndogo ya mwisho inayosema uzito tairi inaoweza kubeba. Kwenye hizi ilikuwa mia moja na sita, na kwenye zile zake za kando ya barabara ilikuwa tisini na moja, za gari la kwenda harusini na si za viazi. Alitafuta tarakimu nne za wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa. Moja ilikuwa imekaa dukani miaka mingi kuliko wenzake. Akaisukuma kando kwa mguu.

"Hii ni mzee. Lete mwenzake wa hizi."

"Mama, wewe ulikuwa askari?" Hanif aliuliza.

"Nilikuwa mjinga," Wachuka alijibu, na Waithaka, aliyekuwa ameegemea mlango, akatazama nje.

Kwa sababu tairi za mbele nazo zilikuwa zimeanza kuisha, alinunua nne zinazofanana. Safari ya kwanza ya Karagita mita ilirudi na kilomita mia moja hamsini na ushee, na Waithaka alifika kabla ya kukamua. Wachuka aliona namba kwa jicho la pembeni tu, lakini aliiona.

Alimwomba msamaha zizini, maana ndipo mahali walipoweza kuzungumza bila kutazamana sana. Alisema alikuwa amemhukumu bila kosa, na kwamba alikaribia kumpeleka mbele ya ukoo. Hilo la ukoo Waithaka hakuwa amelijua. Aliacha kukata majani.

"Ungemwita na mama?"

"Ningemwita."

Aliliweka panga juu ya majani. "Nimesikia," alisema. "Na nimesamehe. Lakini kazi wamenipa, na nitaenda."

"Hata sasa, mambo yakiwa yamejulikana?"

"Safari hii taya imenitetea. Siku nyingine kitu kingine kikizidi, itakuwa ni mimi tena."

Wachuka hakuwa na hakika kwamba kijana amekosea.

Waithaka hakuondoka vibaya. Mwezi wake wa mwisho alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, alasiri watoto wakiwa wameenda nyumbani, akimwambia kwa sauti ile ile ya chini aachilie klachi pole pole. Wachuka alijiandikisha kwenye shule ya udereva mjini, akaanguka mtihani mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Waliomcheka kwamba mama wa umri wake anajifunza gari waliacha kucheka walipomwona anashuka kona za Dundori na mzigo, taratibu, mikono miwili kwenye usukani. Shaka hakuiacha. Anamshuku mjaza mafuta, anamshuku fundi, analipima gari upepo mwenyewe kwa kipimo chake alichokinunua. Lakini siku hizi kabla hajauliza mtu, anapiga magoti kwanza kuangalia, na wenye magari wa hapa kwetu humwita awasomee ubavu wa tairi kabla hawajatoa chochote mfukoni.

Na Waithaka, kwa muda alikuja nyumbani Jumapili akawa kama mgeni, akinywa chai na kuaga mapema. Waliongea habari za ng'ombe na za Lynn. Ilipita karibu mwaka hivi. Kisha jioni moja akapiga simu, sauti yake ina haya. Alikuwa amepata msichana, kwao Longonot, na watu wa nyumbani walitakiwa kwenda kujitambulisha. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, kreti za soda na viti vya kubeba.

"Nimeulizia pikapu hapa," alisema, "lakini nimeona nikuulize wewe kwanza. Unaweza kutupeleka?"

"Naweza."

Walitoka Dundori asubuhi, wazee wakiwa mbele kwenye gari la jirani. Waithaka aliketi kando ya Wachuka na suti yake ikiwa imetundikwa nyuma isijikunje. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaja Dundori alfajiri ili aongozane na wazee. Mpaka Lanet alikuwa macho, akimwambia wapi kuna matuta mapya. Walipoingia barabara kuu alirudisha kiti nyuma kidogo, akafunga macho, na kufika Mbaruk alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kinagongagonga kioo. Wachuka alipunguza mwendo kwenye tuta lililofuata asije akamwamsha.